Modeli ya Hiace 1/24: tairi moja linayumba, lingine kipini kimekatika, na gari limesimama kwa matairi matatu

Mbagala_Kipanya

Wakuu salaam. Naomba msaada kwa wajenzi wa modeli za plastiki. Niko na Hiace ya 1/24 (ndogo mara 24 kuliko gari halisi), umbo la 200, naijenga iwe kipanya cha Mbagala–Kariakoo, mstari wa rangi ubavuni na kibao cha njia mbele. Bodi imeshapigwa rangi, siti zimeingia, vioo bado. Kinachonikwamisha ni matairi.

Mbele kushoto: rimu inaingia kwenye kipini chake lakini inacheza juu na chini. Ukiinua gari linachomoka lenyewe. La kulia limekaza vizuri.

Nyuma kulia: kipini cha plastiki kinachotoka kwenye ekseli kimekatika kwenye shina wakati wa kusukuma rimu. Kipande kimebaki ndani ya rimu.

Gari zima: hata kabla kipini hakijakatika, likikaa mezani tairi la nyuma kushoto lilikuwa halishiki chini. Ukibonyeza kona hiyo, la mbele kulia linanyanyuka.

Nina gundi ya plastiki ya kupaka kwa brashi, supagluu ya dukani, msasa wa 400 na wa 1000, kisu cha kukatia karatasi na kibano. Drili ndogo sina. Si lazima matairi yazunguke sana, ila ya mbele ningependa yakate kona kidogo, kama gari linalotoka kituoni. Nianzie wapi, na gundi ipi iende wapi? Nawasilisha.

---

Feri_Kigamboni

Salaam mkuu. Weka gundi pembeni kwanza. Kila tairi la modeli lina sehemu moja tu inayotakiwa kuzunguka. Zilizobaki zote zinatakiwa ziwe zimekufa, zisicheze hata kidogo. Tairi likiyumba, ujue kuna sehemu iliyotakiwa kufa na bado iko hai. Itafute hiyo kwanza, maana ukimwaga gundi pale unapoona mwanya unaua sehemu isiyohusika.

Kwa maelezo yako, mbele ni polikapu. Kwa wasioijua, ni kipete kidogo cha plastiki laini chenye tundu katikati. Kinafungiwa ndani ya rimu au ndani ya habu (kitovu kinachobeba rimu), na kipini kinaingia humo kwa kubanwa. Seti nyingi za Kijapani za 1/24 (Tamiya, Aoshima, Fujimi) ziko hivyo. Za Kimarekani za 1/25, mfano AMT, nyingi zinatumia waya wa chuma unaopita toka upande mmoja mpaka wa pili, kwa hiyo ukisoma ushauri wa seti hizo usiulete moja kwa moja kwenye Hiace yako.

Polikapu haigundishwi. Gundi ya plastiki inaunga kwa kuyeyusha uso wa polistirini (plastiki ngumu ya modeli) pande zote mbili mpaka zinakuwa kitu kimoja. Polikapu ni plastiki ya jamii ya polietilini, gundi ile haiiyeyushi, na supagluu ikikauka juu yake inabanduka nzima nzima. Kinachoishikilia ni pete au kifuniko kinachogundishwa nyuma ya rimu. Sasa fanya jaribio hili: shika rimu kwa mkono mmoja, kipini kikiwa ndani, washa tochi ya simu kutoka nyuma na utikise taratibu.

Ukiona polikapu inatikisika pamoja na kipini ndani ya rimu, tatizo ni nyumba yake. Labda haijaingia mpaka mwisho: isukume kwa kitako cha kijiti cha meno, usitumie ncha. Labda pete ya nyuma imegundishwa juu ya rangi au juu ya kromu. Hapo gundi imeshika rangi tu, na rangi inaachia. Ibandue, kwangua nyuso zote mbili mpaka uone plastiki tupu, kisha gundisha upya. Kama nyumba yenyewe ni pana, zungushia polikapu ukanda mwembamba wa maskin tepu, mzunguko mmoja au miwili, ndipo uirudishe.

Ukiona polikapu imetulia lakini kipini kinacheza ndani yake, basi kipini ni chembamba au polikapu imechanika. Kipini chembamba kiongezee unene: paka supagluu kidogo sana kwa ncha ya sindano kukizunguka, iache ikauke kabisa, jaribu, rudia kama bado. Usiingize kipini supagluu ikiwa mbichi. Ndani ya rimu huwezi kuifuta tena, na tairi litaganda likiwa limekaa upande.

Kuhusu kipini cha nyuma, kinachokata vipini mara nyingi ni rangi. Chesesi ikipulizwa ikiwa imeshaunganishwa, vipini navyo vinapata rangi, vinanenepa, halafu mtu anasukuma kwa nguvu kutoka nje huku ameshika bodi. Nguvu yote inaishia kwenye shina la kipini. Kila kipini kikwanguliwe rangi kwa kisu, ukizungusha, mpaka plastiki ionekane. Halafu weka kidole nyuma ya habu kama kizuizi na uingize rimu kwa kuizungusha huku ukibonyeza kidogo. Polikapu ikiwa inabana kupita kiasi, itumbukize kwenye maji ya moto kiasi cha dakika moja, inalegea na kipini kinapita. Ikipoa inabana tena.

Gundi ya plastiki iende kwenye polistirini kwa polistirini tu: pete ya rimu, mikono ya sapenshoni, springi. Brashi iguse mshono kwa nje, gundi itavutwa ndani yenyewe. Ukiijaza itatembea mpaka kwenye kipini, na hapo sehemu uliyotaka izunguke imeshakufa.

---

Msasa_Ilala

Nakazia hilo la rangi. Mimi niende kwenye kipini kilichokatika.

Usikirudishe kwa gundi peke yake. Kipini cha unene wa milimita 2 kina uso wa kama milimita za mraba 3 tu. Tairi la Hiace, lile la 195/80R15, kwa 1/24 lina kipenyo cha karibu milimita 29. Ukiligusa pembeni unakandamiza shina kwa wenzo wa milimita 14. Hakuna gundi itakayohimili hapo kwa uso mdogo namna hiyo. Tia chuma ndani.

Toa kwanza kipande kilichonasa kwenye rimu: pasha sindano kwa kiberiti, ichome katikati ya kipande milimita moja au mbili, subiri ipoe ishike, kisha vuta wima. Usipashe mpaka iwe nyekundu, utayeyusha na rimu.

Sawazisha uso wa ekseli na uso wa kipande kwa msasa wa 400 uliobandikwa kwenye kijiti cha aiskrimu. Sawazisha tu, usile urefu. Tafuta katikati kwa jicho, dona kwa ncha ya sindano, angalia toka mbele na toka pembeni, ukiridhika didimiza alama. Alama hiyo ndiyo itakayoamua tairi likae wima au lilale, kwa hiyo usiikimbize. Ukikosea kwa robo milimita, tairi litazunguka kwa kuinuka na kushuka na kila mtu ataona.

Biti: mafundi simu na wauza vifaa vya elektroniki pale Kariakoo wanazo biti za kutobolea bodi za saketi, za milimita 0.8 na 1. Ukipewa za kabaidi, zile ngumu za kijivu, zinakatika ukizipinda kidogo tu mkononi. Omba za chuma cha kawaida. Huna kishikio, viringishia shina la biti maskin tepu mpaka linenepe kama penseli. Zungusha kwa vidole bila kukandamiza, kila mizunguko michache toa uondoe unga. Ukiharakisha plastiki inapata moto, inayeyuka, inaing'ang'ania biti, na tundu linakuwa na umbo la yai. Toboa milimita 4 ndani ya ekseli na milimita 3 ndani ya kipande.

Chuma: klipu ndogo ya karatasi inatosha, nyingi ni karibu milimita 0.9. Kata fupi kidogo kuliko jumla ya matundu, yaani milimita 6 na nusu, ili nyuso za plastiki zikutane. Sugua kwa msasa ikwaruzike, futa kwa spiriti, isiguswe tena kwa vidole.

Gundi ya hapo ni epoksi ya mirija miwili. Supagluu ni ngumu sana lakini haina ustahimilivu. Ukiivuta moja kwa moja inashika, ukiipiga kwa pembeni inapasuka, na tairi kila siku linapigwa kwa pembeni. Toa matone mawili sawa, changanya dakika nzima, ingiza ndani ya tundu kwa sindano (ukipaka chuma tu, gundi yote itabaki mdomoni mwa tundu), kisha chomeka. Ile ya dakika 5 kwenye joto letu la Dar inaanza kukaza mapema zaidi, kwa hiyo jaribu kila kitu kikavu kabla ya kuchanganya. Iache mpaka kesho yake. Kushika si kukomaa.

Njia nyingine, na kwa maoni yangu bora zaidi kwa ekseli ya nyuma iliyo nzima kama ya Hiace: achana na vipini vya plastiki pande zote mbili, pitisha spoki ya baiskeli. Nyingi zina milimita 2, zipo na nene zaidi, nenda na venia (kifaa cha kupimia unene) au nenda na rimu yako ukajaribie palepale dukani. Kata kwa hakso, laini ncha kwa tupa zisichane polikapu.

---

Feri_Kigamboni

Msasa, hapo kwenye supagluu natofautiana nawe kidogo. Kama kuna chuma ndani, mzigo umebebwa na chuma, na supagluu ile nzito, siyo ile ya majimaji, inatosha. Faida yake unapata nafasi ya kunyoosha sekunde kadhaa kisha unanyunyizia bekingi soda kidogo kwenye mshono, inakaza palepale na inajaza pengo. Iwe bekingi soda, siyo bekingi pauda.

Hatari ninayoiona ni moshi wake. Supagluu inakazwa na unyevu, na Dar unyevu haukosekani, inakaza haraka na mvuke wake unatua kama ukungu mweupe kwenye vioo, kromu na rangi nyeusi. Mtoa mada vioo bado hajaweka, asiviweke mpaka kazi ya matairi iishe. Na chupa ikishafunguliwa iwekwe kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, la sivyo inaganda mapema.

---

Msasa_Ilala

Ukungu ndiyo sababu nyingine inayonipeleka kwenye epoksi. Lakini sawa, kukiwa na chuma ndani njia zote mbili zitashika.

---

Mbagala_Kipanya

Wakuu nawashukuru sana, nimeanza kufuata. Nimefanya jaribio la tochi. Polikapu ya mbele kushoto imechanika upande mmoja, ndiyo maana. Maswali mawili: nitapata wapi mbadala? Na nilipovua tairi la vinili kwenye rimu nimekuta rangi ya rimu inanata na imeacha alama ya tairi. Rangi ilikuwa imekauka vizuri kabisa. Hiyo ni nini?

---

Upanga_24

Habari kaka. Kabla hujatafuta mbadala angalia fremu ya polikapu iliyokuja kwenye boksi. Watengenezaji wanatumia fremu moja ya polikapu kwa seti nyingi, kwa hiyo mara kwa mara zinabaki ambazo gari lako halikuzihitaji. Linganisha tundu na unene, siyo umbo la nje. Umbo la nje unalipunguza kwa wembe.

Kama hakuna, tumia mrija wa wino wa kalamu ya kawaida uliokwisha. Ni plastiki laini isiyoshambulia polistirini. Usafishe kwa spiriti mpaka wino uishe wote, maana ukibaki utatokeza kwenye rimu baada ya siku. Kata kipande chenye urefu sawasawa na polikapu ya zamani, jaribu kipini. Mrija ukiwa mwembamba kwa nje, nyumba ijazwe kwa maskin tepu kama alivyoeleza Feri. Ukiwa mpana kwa ndani, tafuta kalamu ya aina nyingine, mirija yake haifanani. Pale elektroniki pia wanauza mpira wa kusinyaa kwa joto, ule mweusi wa kufunikia nyaya. Upashe juu ya spoki au juu ya msumari wenye unene wa kipini chako, utasinyaa ukae kwa kipimo hicho hicho, kisha uuchomoe.

Usitumie ganda la waya wa umeme, hata kama linaingia vizuri. Lile ni vinili, na hapo ndipo linapokuja jibu la swali lako la pili.

Vinili asili yake ni ngumu. Wanailainisha kwa kuichanganya na kilainisho cha mafutamafuta, na kilainisho hicho hakitulii: kinatoka taratibu, kinaingia kwenye rangi na kwenye polistirini na kuzilainisha nazo. Rangi inanata, halafu plastiki yenyewe inaanza kuliwa, na tairi likikaa muda mrefu linazama kwenye rimu. Joto linaharakisha. Seti za zamani ndizo mbaya zaidi. Ukiona rimu inang'aa unyevunyevu pale tairi lilipogusa, imeshaanza.

Dawa yake ni kuvitenganisha. Osha matairi kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, suuza, yakauke. Rimu ifute ile rangi inayonata, isugue kwa msasa wa 1000, piga rangi upya. Kisha lile eneo la rimu ambalo tairi linakaa, lisiloonekana, livishe ukanda wa foili ya jikoni, uubandike kwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kidogo. Foili haipitishi kilainisho. Wapo wanaopaka gundi nyeupe peke yake tabaka mbili. Inapunguza, ila mimi naamini foili zaidi. Foili ikifanya rimu inenepe, tumbukiza tairi kwenye maji ya moto kidogo, litalegea na kuingia bila kung'ang'aniana nalo.

Tairi lisizunguke juu ya rimu, weka matone matatu ya gundi nyeupe kwa ndani kabla ya kulivisha. Supagluu usitumie hapo. Siku ukitaka kubadili tairi utalivua pamoja na rangi ya rimu.

Nimesahau: kama una vikombe vya rimu vya kromu, gundi ya plastiki haishiki kromu. Kwangua pale pa kuungia tu. Ukitaka kuitoa kromu yote, loweka kwenye Jik, inaondoka yenyewe, kisha suuza sana. Fanya penye hewa na usichanganye na kitu kingine chochote.

---

Sinza_Mezani

Naona suala la tairi la nne limesahaulika, na kwangu mimi hilo ndilo zito kuliko yote, kwa sababu ukishakaza matairi kwa epoksi gari likiwa limepinda, umeukaza upinde.

Meza ya mbao usiiamini. Nenda kwa fundi wa vioo na aluminiamu, mwambie akukatie kipande cha sentimita 20 kwa 30 kutoka kwenye mabaki ya kioo cha milimita 5, akupigie msasa kingo. Hicho ndicho kiwe meza yako ya kupimia.

Vua matairi yote. Weka chesesi tupu juu ya kioo. Ikicheza, imepinda yenyewe. Isipocheza, kosa liko kwenye ekseli au kwenye mikono ya mbele. Watu wengi wanaruka hatua hii na kuanza kusaga vipini ambavyo havina kosa.

Chesesi iliyopinda: maji ya moto ambayo hayajafikia kuchemka, kwenye beseni. Polistirini inalegea kabisa ikikaribia nyuzi 100, kwa hiyo maji yanayochemka yatakuharibia sehemu nyembamba. Zamisha nusu dakika, toa, zungusha kinyume cha upinde na uzidishe kidogo tu, shikilia hivyo ndani ya maji ya baridi mpaka ipoe. Pima kwenye kioo. Rudia kidogokidogo. Ukiiwahi kabla hujaifunga kwenye bodi ni kazi nyepesi.

Chesesi ikiwa nzima, rudisha matairi bila gundi. Kata kikaratasi cha risiti, upana wa sentimita moja, kipitishe chini ya kila tairi. Kikipita huru, hapo hapashiki. Kikikwama kote, umemaliza. Kwa gari lako kitapita nyuma kushoto. Angalia springi: Hiace nyuma ina ekseli nzima juu ya springi za majani, na kwenye modeli ekseli inagundishwa kwenye springi mbili. Kama springi iko juu ya ekseli, weka shimu, yaani kipande chembamba cha plastiki cha kujazia, kati yake na ekseli upande wa kushoto. Anza na milimita 0.2. Kumbuka springi ziko ndani kuliko matairi, kwa hiyo tairi la kushoto litashuka zaidi ya unene wa shimu na la kulia litapanda kidogo. Ukiweka shimu sawa na pengo unaloliona utapitiliza. Ikiwa springi iko chini ya ekseli, shimu iende upande wa kulia.

Pima pia urefu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, pande zote mbili. Hiace yenye umbo hilo ina milimita 2570, kwa 1/24 ni 107. Kushoto na kulia visipishane zaidi ya nusu milimita. Nusu milimita hapo ni milimita 12 kwenye gari halisi, na macho ya mtu wa Dar yameshaziona Hiace nyingi mno, yatahisi kitu hata kama hatajua ni nini.

Mpangilio wa gundi: mbele kwanza, nyuma mwisho. Mikono ya mbele ikikomaa, weka gari kwenye kioo kwa matairi yake yote, ekseli ya nyuma ikiwa na epoksi mbichi kwenye springi, juu ya chesesi weka betri mbili kubwa za tochi katikati, na raba bendi moja isiyokaza sana kushikilia ekseli. Uzito wenyewe utaishusha ekseli mpaka matairi yote mawili yaguse. Ndiyo sababu sipendi supagluu hapa, haikupi muda wa gari kujikalia.

Kukata kona: pini za wima za habu zisiguswe na gundi, wala rangi. Kama pini zinatokeza juu kidogo na hakuna kinachozizuia kuchomoka, pasha ncha ya bisibisi bapa, igandamize juu ya pini mpaka ipanuke kama kichwa cha ribiti, lakini weka kipande cha karatasi kati ya habu na mkono wakati wa kufanya hivyo, ukichomoa karatasi unabaki na uhuru wa kuzunguka. Tairodi iunganishe habu zote mbili ndipo upime kama matairi yanaangalia mbele sambamba: laza rula ubavuni mwa tairi la nyuma ielekee mbele, ilinganishe na la mbele, kila upande. Ukishachagua kona unayotaka, tia tone la gundi nyeupe kwenye pini moja. Linatosha kushikilia, na ukibadili mawazo unalilainisha kwa maji. Vika bodi juu kwanza ujaribu, tairi lisikwaruze madigadi.

---

Mbagala_Kipanya

Hapa nimeelewa. Chesesi tupu kwenye kioo cha meza ya sebuleni haichezi, kwa hiyo kosa ni ekseli, na springi iko juu yake. Nitapitisha spoki nyuma, mrija wa kalamu mbele kushoto, foili kwenye rimu zote nne, shimu ya 0.2 kushoto. Swali la mwisho: spoki ikipita ndani ya ekseli ya plastiki niigundishe, au iwe huru izunguke? Na gari likiisha linapanda bodaboda kwenda kwa mwenyewe, Tabata. Matairi yatahimili?

---

Msasa_Ilala

Igundishe. Polikapu zipo kwenye rimu, zenyewe ndizo zitakazozunguka. Ukiacha na spoki huru utakuwa na sehemu mbili hai kwenye mstari mmoja na tairi litatembea kuingia na kutoka. Toboa ekseli ya plastiki kutoka pande zote mbili ukutane katikati, usitoboe yote toka upande mmoja, biti itapotea njia. Ikishindikana, chonga mfereji chini ya ekseli ambako hakuonekani, laza spoki humo, funika kwa epoksi. Funga ncha za spoki kwa Vaseline kidogo kabla ya epoksi ili isizifikie, uzifute kabla ya kuvika rimu. Spoki ikae kiasi cha kuingia milimita 4 ndani ya kila polikapu, isitokeze kwenye uso wa rimu.

---

Upanga_24

Kwa bodaboda matairi yasibebe chochote kaka. Kata sponji ngumu ya kuoshea vyombo, iweke chini ya chesesi kati ya ekseli mbili, iwe ndefu kiasi kwamba matairi yananing'inia milimita 2 juu ya sakafu ya boksi. Lizuie gari kwa sponji mbele na nyuma pia, kwenye bampa, siyo kwenye matairi. Lisiachwe juani wala ndani ya gari lililoegeshwa.

Na mwenyewe akilipokea amwambie fundi wake wa kabati: kama sakafu ya kabati ni plastiki angavu, matairi yasikae juu yake moja kwa moja, kilainisho kitayeyusha na hapo. Aweke kipande cha kioo au kikaratasi cha foili chini ya kila tairi, kimekatwa sawa na alama ya tairi kisionekane.

---

Sinza_Mezani

Na kabla halijafungwa kwenye boksi, lirudishe kwenye kioo upitishe kile kikaratasi cha risiti kwa mara nyingine. Epoksi ikikomaa inaweza kuvuta kidogo. Kikipita huru kona moja kwa unene wa karatasi tu, hilo usilibomoe: sugua tairi la upande wa pili wa ekseli hiyohiyo, lile linaloshika chini, kwa msasa wa 400, pale linapogusa tu, mpaka gari likae.